Mitungi ya Mama Chini ya Kitanda Changu

Keti kidogo, nikueleze habari ya mtungi wa maziwa. Najua utasema moyoni, "Mtungi tu?" Ndiyo, mtungi tu. Kama hukukulia kwenye boma lenye ng'ombe, nitakwenda polepole ili tusiachane njiani. Kama ulikulia huko, nadhani tayari umeanza kuwaza ni vyombo vya nani viko nyumbani kwako.

Kwetu ni Tetu, upande wa Giakanja. Mama ana ng'ombe wawili. Maziwa ya asubuhi huyapeleka barabarani, kwenye kibanda ambapo karani wa ushirika huyapima na kuyachukua. Ya jioni ni ya nyumbani. Nilipopata kazi Nyeri mjini, kwenye duka la mapazia na mashuka, Mama akaanza kunigawia ya jioni. Aliyachemsha, akayatia kwenye mtungi mdogo wa alumini wenye mfuniko na mkono, akampa jirani yetu anayeuza kabeji na viazi sokoni. Mimi niliuchukua mtungi kwenye meza ya jirani nikienda kazini.

Watu wa Nairobi hucheka nikiuita Nyeri mji mkubwa. Kwangu ukubwa wa mji hupimwa na mfuko. Mahali unaponunua maji kwa jerikeni na kitunguu kimoja kimoja ni mji mkubwa. Chumba changu kilikuwa nyuma ya soko, kitanda upande huu, jiko la gesi upande ule, na katikati nafasi ya kusimama mtu mmoja asiyepunga mikono. Nilijifunza kuchemsha maharagwe Jumapili ili yanifikishe Alhamisi. Nilinunua mafuta ya kupimiwa kwenye chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi. Maziwa ya Mama ndiyo yaliyonibeba: asubuhi chai, jioni ugali na maziwa, na siku ambazo gesi ilikuwa inakaribia kuisha, maziwa peke yake.

Sasa sikiliza hapa kwa makini, kwa sababu bila hapa mengine hayataeleweka. Kwetu, mtu akikuletea kitu kwenye chombo chake, hurudishi chombo hicho bila kuweka chochote ndani. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Nikiwa mdogo nilitumwa kurudisha sufuria za majirani, na kila sufuria niliyoibeba ilikuwa na kitu: ndizi mbivu, mayai mawili yaliyofungwa kwa kitambaa, kikombe cha unga. Chombo kikirudi bila kitu, ni kama kumwambia mwenyewe kwamba shughuli yenu imekwisha.

Kwa hiyo mtungi wa kwanza niliurudisha na sukari. Mwingine niliurudisha na majani ya chai na sabuni ya kipande. Nilijivunia sana. Moyoni nilimwona Mama akifungua mfuniko, akitabasamu, akisema mtoto wake anajiweza.

Kisha ukaja msimu wa baridi, biashara ikalala, na tajiri wangu akatulipa nusu, akituomba tuvumilie. Wiki hiyo sikuwa na cha kuweka. Nikausafisha mtungi, nikausukuma chini ya kitanda. Jumamosi nitapata kitu, nilijiambia.

"Mtungi uko wapi?" jirani aliniuliza sokoni.

"Umebaki nyumbani. Nitaleta Jumamosi."

"Jumamosi gani sasa? Ama hiyo Jumamosi haina tarehe?"

Nikacheka. Akacheka. Akanipa mtungi mwingine uliojaa, kwa sababu Mama alikuwa ametuma mwingine. Wiki iliyofuata ukaja wa tatu, na huo pia ukaingia chini ya kitanda.

"Wewe msichana," jirani akasema siku hiyo, akiwa ameshika kabeji kama anayetaka kunirushia, "unafungua duka ya mitungi ama unazitaga?"

Wanawake wa meza za karibu walikufa kwa kicheko. Nami nilicheka, na uso ukiwaka moto. Baada ya hapo maziwa yalianza kuja kwenye chupa ya plastiki ya soda. Sikujiuliza kwa nini. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka: nilipokea chupa ya soda yenye maziwa kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akitumia mitungi maisha yake yote, na sikujiuliza.

Tena kuna jambo ningependa kuliruka, lakini ukiamua kueleza, eleza yote. Mitungi ile ilianza kunifaa. Panya walikuwa wametoboa mfuko wangu wa unga, nikaumimina unga kwenye mtungi mmoja na kufunga mfuniko. Mwingine nikaweka maji ya kunywa. Wa tatu ukawa wa mwiko na vijiko. Unga ulipoganda pembeni, nilisugua mtungi kwa waya wa kusugulia masufuria, kwa nguvu, nikijiona msafi. Niliacha kuhesabu Jumamosi. Chumba kilipendeza kikiwa na mitungi.

Huenda unajiuliza kwa nini sikwenda nyumbani mwenyewe, maana Giakanja si mbali. Nauli haikunishinda. Kilichonishinda ni desturi ile ile: mtu aliye kazini mjini haingii kwao mkono mtupu. Anaingia na mkate, sukari, mafuta ya kupikia. Nikiwa na nauli sikuwa na mkate, na nikiwa na mkate sikuwa na nauli. Unaona jinsi heshima inavyoweza kumfungia mtu mlango?

Ni jirani aliyenitoa. "Mama yako anachechemea," aliniambia akipanga viazi. Safari hii hakutania. "Goti. Nenda umuone."

Nilikwenda Ijumaa hiyo baada ya kazi, na mkate mmoja. Mitungi niliiacha. Mkate mmoja haungejaza mitungi mitatu, na mtungi mmoja ulikuwa na unga.

Asubuhi nilimkuta Mama ameshamaliza kukama. Aliyamimina maziwa kwenye jerikeni ya plastiki ya manjano, ile ya mafuta ya kupikia.

"Mama, si ushirika unakataa plastiki?"

"Wakati mwingine wanakubali, mami." Kina mama wa kwetu huwaita binti zao hivyo. "Inategemea karani ameamkaje."

Nilimbebea jerikeni. Yeye alitembea nyuma yangu, akivuta ule mguu, akinieleza habari za ndama. Barabarani kulikuwa na foleni ya wanawake na wanaume wachache, kila mmoja na mtungi wake wa alumini ukimeta kwenye ukungu. Karani, kijana mwenye koti jeupe na kofia ya sufu, alifungua jerikeni yetu, akanusa, akafunga.

"Mama, si tuliongea juu ya hii plastiki? Inashika harufu. Nikimwaga hii kwa hii tangi kubwa, maziwa ya watu wote inaharibika."

"Niliosha na maji moto."

"Hata ukiosha na maji ya baraka. Mitungi yako ilienda wapi? Ulikuwa nayo."

Mama akanyoosha mgongo. Naweza kukuchorea alivyosimama.

"Iko kwa mtoto," alisema kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima. "Mtoto yangu ameandikwa kazi mjini. Iko kwake. Ndiye huyu."

Watu wakageuka, wakanisalimia kwa furaha. Mwanamke mmoja akasema, "Ati huyu ndiye alikuwa analia akipelekwa shule ya nasari? Amekuwa mkubwa!" Wakacheka vizuri, kicheko cha watu wanaokutakia mema. Karani akamrudishia Mama jerikeni yake. Hakuna aliyenilaumu. Ningeshukuru sana kama mtu mmoja tu angenilaumu.

Tulirudi na maziwa yote. Mama akamimina sehemu kwa ndama, nyingine akaigawa kwa majirani wawili, nyingine akaiacha igande. Ndipo nilipomtazama ndama vizuri. Alikuwa ananeng'eneka kwa unene, ngozi yake inang'aa.

"Huyu amekunywa sana," nilisema.

"Siku nyingine nikienda wananirudisha, basi anakunywa yeye," Mama akasema. "Tajiri wetu huyo. Hata hataki nyasi."

Nilikaa kwenye kigoda cha kukamia. Ushirika ndio uliomlipa Mama, na kwa malipo hayo alinunua chakula cha ng'ombe na dawa, pamoja na ile ya goti. Alikuwa ameacha kununua dawa ya goti. Hakuniambia hivyo. Niliona chupa tupu dirishani na sikuhitaji kuambiwa.

"Kwa nini hukuniambia nirudishe mitungi?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la mtoto.

"Mami, mtu ataitishaje mtungi? Ukiitisha mtungi, umeitisha kitu ya kuweka ndani. Nilijua mambo imekaza huko. Nikasema nitangoja mpaka ilegee."

Hapo nikaona tulivyokuwa tumefungana. Mimi nilizuia mitungi kwa sababu ya adabu, naye hakuiulizia kwa sababu ya adabu ile ile. Kati yetu, ndama akanenepa na goti likavimba. Nilitaka kumwambia kuhusu unga na vijiko. Nilifungua mdomo, na nilichosema ni, "Nitaleta wiki hii." Hata wakati huo sikusema yote.

Niliporudi mjini niliitoa mitungi yote. Nilimwaga unga kwenye sufuria, nikatoa vijiko, nikabeba mitungi hadi kwenye mfereji wa maji wa uani. Huko nilimkuta jirani wa mlango wa pili, mama wa Kiislamu ambaye jamaa zake wamekaa mjini hapa tangu enzi za babu yake. Yeye hupika mahamri ya kuuza asubuhi. Alikuwa akiosha vyombo vyake.

"Mwanangu, leo una harusi? Mitungi yote hiyo!"

Nilimweleza. Sijui kwa nini nilimwambia yeye nilichoshindwa kumwambia Mama. Alisikiliza bila kuacha kusugua sinia.

"Kwani wewe ulitaka kuweka nini ndani?"

"Sukari. Mafuta. Kitu cha maana."

"Heee! Mimi sahani yako nilikurudishia na nini mwezi ule wa kwanza ulipohamia hapa?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimempelekea viazi vya kuchemsha, naye akarudisha sahani na ndimu mbili ndogo zilizokunjamana.

"Ulizikataa?"

"Hapana."

"Basi." Akaingia ndani, akatoka na ndimu tatu, akaziweka kwenye ukingo wa mfereji. "Moja kila mtungi. Mwambie mama zimetoka kwa mtu anayemsalimu."

Mimi niliongeza chumvi kidogo iliyofungwa kwa karatasi, kiberiti, na majani ya chai yaliyobaki. Asubuhi nilimpelekea muuza kabeji. Aliifungua mitungi mmoja mmoja, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Kumbe ulikuwa unangojea ndimu ziive!" Lakini aliipanga kwenye gunia lake taratibu, kama mtu anayebeba mayai.

Mama alinipigia simu jioni hiyo. Alisifu ndimu. Alisifu chumvi, chumvi ambayo anayo ya kutosha jikoni. Kesho yake karani alipokea maziwa yake, kwenye mitungi miwili.

Miwili tu. Wa tatu, ule wa unga, karani aliingiza kidole ndani akahisi mikwaruzo ya waya wangu. Maziwa hujificha kwenye mikwaruzo ya namna hiyo na kuchachuka, hata uoshe vipi. Akamwambia Mama asiulete tena. Sasa Mama huweka ndani yake chakula cha kuku. Nikienda nyumbani, na siku hizi naenda hata bila mkate, hukutana nao pale karibu na mlango. Mama akiniona nimeuinamia, husema kuku wanaupenda sana. Nilimwambia habari ya waya, mwishowe. Alisema, "Najua, mami. Chuma inaongea." Kisha akabadilisha mazungumzo. Amenisamehe kabla sijaomba, na kwa sababu hiyo sijapata pa kuiweka hatia yangu. Nimeizoea, kama yeye alivyolizoea lile goti.

Usidhani nakueleza haya ili nawe uhuzunike. Wewe bado una nafasi, na kazi yenyewe ni ndogo. Leo, kabla hujalala, inama utazame chini ya kitanda na juu ya kabati. Ukikuta chombo cha mtu, kioshe kwa maji ya moto na kitambaa laini, si waya. Weka ndani ulicho nacho, hata kama ni chumvi kidogo kwenye karatasi. Kesho asubuhi kirudishe.