Baba Alivyotuhamisha kwa Bei ya Mahindi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa ofisini kwetu alinionyesha kwenye simu orodha ya miji iliyopangwa kwa gharama za maisha. Nairobi ilikuwa juu kabisa, Nakuru chini, Mombasa na Kisumu katikati. Walikuwa wamelinganisha kikombe cha kahawa, nauli ya teksi, hata ada ya kwenda kuinua vyuma. "Madam, hapa tunaumia bure," akaniambia. "Mimi nahamia Nakuru." Nilimrudishia simu yake. Orodha ya namna hiyo, rafiki yangu, naijua vizuri. Nimelelewa na mtu aliyekuwa nayo kichwani.

Baba alikuwa dereva wa lori, nasi tulikaa Makadara, katika nyumba ya baraza la jiji, vyumba viwili na bomba nje. Kila aliporudi safari aliketi mezani na, kabla hata ya kutujulia hali, akaanza kutuhubiria bei: mafuta ya taa Eldoret, samaki Kisumu, mahindi Nakuru. Mahindi ya Nakuru ndiyo yaliyomtia wazimu. Gorogoro moja, ule mkebe wa kilo mbili wa kupimia nafaka, kule iliuzwa karibu nusu ya bei ya kwetu. Alisema watu wa Nairobi ni wajinga, wanalipia jina la mji. Mjinga alikuwa yeye, na nasema hivyo nikijua ni baba yangu.

Hakuwahi kuuliza Mama alikuwa anapata nini bure. Jioni, mwanamke mmoja tu katika laini yetu ya nyumba ndiye aliyewasha jiko kwa mafuta ya taa. Wengine walikuja na vipande vya bati wakachota makaa yaliyoshika, na kesho yake ilikuwa zamu ya mwingine. Harufu ya vitunguu ilitoka milango yote karibu wakati mmoja. Jirani yetu, mama wa kutoka Murang'a, alimkatia Mama sukuma wiki huku wakipiga soga, na ndiye aliyetupa uji tulipotoka shule Mama akiwa bado sokoni. Baba hakuyaona hayo. Alikuwa akilala tu, au akitaja bei.

Mama alimwambia mara moja tu. "Baba watoto, nyumba ya baraza ukiiachilia, hupewi tena."

Akajibiwa kwamba yeye hajui soko kuliko mtu anayezunguka nchi nzima. Baba akarudisha ufunguo, akatupakia kwenye lori pamoja na kuku.

Siku ya tatu huko Nakuru, Mama alinunua gorogoro ya mahindi, akayapima upya kwa mkebe aliotoka nao Makadara. Haukujaa. Akarudi sokoni, akaugeuza mkebe wa muuzaji. Kitako kilikuwa kimepigwa nyundo kikabonyea ndani. Kwetu pia walikuwapo wa kubonyeza mikebe, lakini Mama aliwajua mmoja mmoja na hakununua kwao. Baba, bingwa wa bei, alikuwa amelinganisha miji miaka yote hiyo bila kutazama kitako cha mkebe hata mmoja. Alipoambiwa, alisema tutazoea. Mama akawasha jiko lake peke yake kila jioni, kwa mafuta yake, mwaka mzima.

Tuliporudi Nairobi tulipanga chumba kimoja. Mama akanishika mkono tukaenda kusalimia laini yetu. Alibisha mlango uliokuwa wetu, sijui kwa nini. Akafungua mwanamke mwenye unga mikononi, mtu mwema kabisa.

"Karibu mgeni. Mmetoka mbali?"

"Nakuru," Mama akasema.

Nyumba zile zimebomolewa sasa, na kwenye fleti zilizojengwa hapo kila mtu ana gesi yake na mlango wake wa chuma. Yule jirani yetu wa Murang'a sijui alipelekwa wapi. Mama aliishi katika kile chumba kimoja hadi alipofariki, na sikumsikia hata siku moja akimlaumu Baba. Mimi ninamlaumu.