Digrii Iliyofika Kabla ya Vitabu

Haya, leo nitasema, maana mmenisumbua miaka na miaka na wengi walioshuhudia wameshahamia Mombasa, hawapo hapa wa kunikatiza. Ni kweli nilisimama uani kwa mama yangu nimevaa joho la kwaya na kofia ya katoni, mbele ya ukoo mzima na nusu ya kanisa, nikasomewa kwa sauti alama nilizopata katika somo la ndoa. Ndiyo, ndoa. Na aliyenisomea ni mke wangu mwenyewe. Sasa nyamazeni niwaeleze, na atakayecheka kabla sijafika pa kuchekesha atatoka nje.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla simu za mkononi hazijatufikia Voi. Nilikuwa karani wa mauzo katika chama kimoja cha ushirika, kazi yangu kuwatafutia wafugaji wa Marungu na Ndara wanunuzi wa ng'ombe wao. Meneja wetu alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, na asubuhi moja tukakuta tangazo mlangoni, watu wamelizingira, nikachungulia juu ya mabega nikaona kwa Kiingereza kwamba anatakiwa mtu mwenye digrii ya biashara, nikarudi mezani kwangu roho imekwisha. Mimi nilikuwa na diploma tu. Miaka kumi na moja nimejua kila ng'ombe na kila mnunuzi, halafu aje kijana kutoka Nairobi asiyejua hata pojo zinapandwa lini, akae kwenye kiti kile aniagize chai! Niliapa sitakubali.

Wa kwanza kumwendea alikuwa Bwana Swaleh, mwenye duka la vitabu na daftari karibu na stesheni (na mashine ya faksi ya pekee mtaani kwetu). Akaniambia siku hizi kuna watu wasomao MBA, digrii ya juu ya biashara, wakiwa majumbani mwao, masomo yaja kwa posta, na huko ng'ambo wengine wameanza kusoma kwa kompyuta, barua zapita kwenye waya. Akanipa magazeti ya zamani ya kizungu, nikanakili anwani za vyuo huko nyuma kwenye matangazo, nikaandika barua, na miezi miwili baadaye nilikuwa na majibu matatu nimeyapanga mezani kama karata.

Mke wangu Wakio ni mwalimu wa shule ya msingi, na hakuna kitu mezani kwake kinachopita bila kukaguliwa. Chuo cha kwanza kilikuwa cha Uingereza, kizuri kweli, lakini ada yake ungedhani wanakuuzia na jengo. Cha pili kilikuwa cha Afrika Kusini: unalipia somo moja, unalimaliza, ndipo unalipia lingine, vitabu vinakuja kwa posta, mtihani unafanyiwa Mombasa chini ya msimamizi, na walikubali mwenye diploma ikiwa amefanya kazi miaka ya kutosha. Cha tatu, jamani, cha tatu kilikuwa na karatasi inayong'aa, nembo ya simba wawili, ada yake ndogo kuliko zote na unalipa mara moja tu, hakuna mtihani, hakuna safari.

"Chukua hiki cha pili," Wakio akasema. "Hiki cha tatu nani atasahihisha kazi yako?"

"Wataalamu."

"Watasahihisha nini, Baba Mghoi, na hawajataka uandike kitu?"

Nikamwambia yeye amezoea watoto wa darasa la nne, mambo ya watu wazima ni tofauti. (Siku tatu nilijipakulia chakula mwenyewe.) Ukweli ni kwamba mimi ni mkono wa birika, kila mtu anajua, na nikishaona kitu cha bei nafuu masikio yanaziba. Nikauza dume langu moja, nikanunua hundi ya benki, nikaketi kujaza fomu.

Fomu yenyewe ilikuwa na kurasa sita, na zote zilikuwa zinauliza jambo moja: eleza uzoefu wako wa maisha. Basi nikajieleza! Nikatoa kamusi, nikaandika nilivyochunga ng'ombe wa baba nikiwa mdogo, nilivyosuluhisha ugomvi wa mpaka kati ya ami zangu wawili, nilivyouza nyanya za Mahoo msimu mmoja, nilivyoimba sauti ya nne kwenye kwaya, nilivyojenga nyumba, nilivyooa na nikakaa na mke miaka minane. Niliona aibu kidogo kuacha nafasi tupu. Bwana Swaleh aliponiona naifunga bahasha akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mimi nauza daftari," akasema. "Mwanafunzi asiyenunua hata daftari moja, asoma nini huyo?"

Nikajifanya sikusikia.

Wiki tatu hazikuisha, akaniita dukani, faksi imeingia. Ilisema hongera umekubaliwa, na mstari wa pili ikasema hongera umehitimu. Nikaisoma mara nne. Nitawaambia ukweli, kuna sauti ndogo ilininong'oneza kwamba Mwadime, hujafungua kitabu hata kimoja, lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba na nikaijibu kwamba wenzetu wa ng'ambo wakiona akili wanaijua mara moja. Na kosa langu kubwa, nikapanda basi Jumapili ile nikaenda Wundanyi kumwambia mama.

Mama yangu hajui kunong'ona. Nilimwambia saa sita baada ya ibada, na kufikia saa nane kikundi chote cha akina mama kilikuwa kimepanga nani ataleta ndizi na nani ataponda kimanga, ule muhogo wetu wa kuponda na maharagwe, mbuzi wawili wamechaguliwa, na mwalimu wa kwaya amejitolea kuniazima joho la zambarau maana mtu mwenye digrii hawezi kusimama na shati. Nikasema mama, tungoje kwanza cheti kifike. Akasema kikifika tu nisikiguse, kitafunguliwa mbele ya watu, kiombewe, kisomwe. Mahojiano ya kazi yalikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata, naye sherehe akaiweka Jumamosi iliyotangulia, ili niende na baraka.

Kifurushi kilifika posta Voi Ijumaa. Kilikuwa kimefungwa utepe mwekundu na kupigwa lakiri, kizuri mpaka nikaogopa kukifungua hata kama ningekuwa sijakatazwa, nikakibeba mapajani mpaka Wundanyi.

Jumamosi nafika uani, nimeshavishwa joho (lilikuwa la mtu mfupi, linaniishia magotini) na ile kofia ya pembe nne aliyoikata binamu yangu kwenye katoni ya sabuni na kuipaka rangi nyeusi isiyokauka, nikainua macho kumwangalia mgeni wa heshima aliyekalishwa pale mbele. Alikuwa Mzee Righa, mwenyekiti wa ushirika wetu, yule yule atakayenihoji Jumatatu. Mama alikuwa amemtumia salamu bila kuniambia, eti aje ajionee kijana wake mwenyewe.

Tukaomba, tukaimba, mchungaji akashika kile kifurushi akakibariki, halafu mama akasimama akasema kwa kuwa ndani ni Kiingereza kitupu, basi mke wa msomi, ambaye ni mwalimu, atusomee na kutufasiria. Wakio akaja mbele. Akakata utepe. Cheti cha kwanza kilisomeka vizuri, jina langu limeandikwa kwa herufi za kujipinda, akina mama wakapiga vigelegele, mimi nikainua kidevu. Mimi nilidhani imekwisha. Kumbe nyuma yake kulikuwa na karatasi nyingine.

"Hizi ni alama," Wakio akasema. "Masomo aliyofaulu." Akasoma kimoyomoyo, nikaona nyusi zimepanda. Mnamjua Wakio, akishaanza kusoma kitu hakiachi nusu. "Usimamizi wa mifugo, A. Yaani kuchunga ng'ombe."

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni somo.

"Sheria ya ardhi, A. Hapa wameeleza, ni ule ugomvi wa ami zake. Biashara ya kimataifa, B. Nyanya za Mahoo."

"Mahoo ni kimataifa?" mtu akauliza.

"Si ni karibu na mpaka wa Tanzania!" akajibiwa, na kicheko cha kwanza kikatoka huko nyuma.

"Mawasiliano, B. Kuimba sauti ya nne."

Mwalimu wa kwaya akaruka kitini. "B? Huyu? Huyu ambaye kila Krismasi anaingia kabla sijampa ishara?"

Sasa watu walikuwa wanacheka wazi, hata mchungaji ameficha uso kwenye Biblia, na mimi nimesimama na joho la magotini, rangi ya kofia imeanza kuteremka na jasho mpaka kwenye sikio. Nikamwambia Wakio kwa macho, basi, inatosha. Hakuniangalia. Alikuwa amefika mstari mmoja na amesimama hapo.

"Uongozi wa watu," akasema polepole. "Miaka minane ya ndoa." Akakunja karatasi kidogo, akaikunjua. "C."

Wee! Uani pakawa kama sokoni. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na jiko, akasimama na mwiko mkononi.

"C ya nani?" akauliza. "Ya binti yangu au ya huyu?"

"Ngoja nimalizie, mama," Wakio akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Chini wameandika: digrii hii imetolewa bila mhusika kuhitajika kuhudhuria, kusoma wala kufanya mtihani wowote."

Mama mkwe akauteremsha mwiko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na joho la watu. Sikuwa nafikiria tena kicheko, nilikuwa nafikiria Jumatatu. Kazi ya umeneja ilikuwa imekwenda, hilo nililijua, na huenda na ukarani nao, kwa sababu ni nani atakayemwachia ng'ombe wake mtu aliyejinunulia cheti? Miaka kumi na moja, watoto wawili, mke aliyenionya, na mama yangu pale mbele ya kanisa lake, kitambaa kichwani kimelegea, hajui aangalie wapi. Aliyenichoma zaidi ni huyo mama.

Mzee Righa akasimama, akajifuta mikono taratibu, akaomba hiyo karatasi. Akaisoma yote, mbele na nyuma.

"Kijana," akasema, "leo mimi nimekuja kula mbuzi, sikuja kazini. Kwa hivyo hii nimeichekea. Ungeniletea Jumatatu ukaiweka mezani kwa kamati, ningekuwa sina budi kuita polisi." Akanirudishia. "Mama yako amekuokoa kwa kuniita. Mshukuru."

Halafu akaniuliza, kama mtu aliyekumbuka kitu, "Kwani lile tangazo ulilisoma lote?"

Nikasema nililisoma juu juu tu.

"Tuliandika, awe na digrii ya biashara au awe ameanza kuisomea. Ameanza tu! Nani angekuja Voi na digrii kwa mshahara ule?"

Nikachoka kabisa. Nikakaa chini pale pale mchangani. Watu wakaanza kucheka upya, lakini kicheko kingine, cha kumwonea mtu huruma, na mama akaja akanivua ile kofia akanifuta sikio kwa kanga yake kama mtoto, akasema, "Haya, mbuzi ameiva, nani ale?" Tukala. Mtaniamini nikisema nilikula kuliko wote? Kifua kilikuwa kimeachia kitu ambacho nilikuwa nimekibeba wiki nzima na sikujua ni kizito kiasi gani.

Njiani kurudi Voi, tulipofika Mwatate, Wakio akafungua mkoba akatoa ile fomu ya chuo cha pili. Alikuwa ameihifadhi muda wote huo. "Hiyo C," akasema, "nitaifikiria." Jumatatu saa moja asubuhi tulikuwa mlangoni kwa Bwana Swaleh, hata hajafungua, nikajaza fomu juu ya kaunta yake, tukaituma kwa faksi, na daftari nikanunua mbili kabla hajaniuliza.

Saa nne nikaitwa ndani. Kamati watu watano, Mzee Righa katikati, uso mkavu kabisa kama hajawahi kuniona.

"Bwana Mwadime, una digrii ya biashara?"

"Sina, mzee."

"Umeanza kuisomea?"

"Nimetuma fomu leo asubuhi. Nakala ni hii. Bado hawajanijibu, na huenda wakanikataa."

Akaandika kitu, akageuza karatasi, akaendelea na swali la bei za ng'ombe kama kawaida, na hapo nikajua nimepona. Walinipa kiti kile kwa majaribio ya miezi sita, majaribio yakapita, na ile MBA ya kweli ikanitoa jasho miaka mitano, somo baada ya somo, nimeanguka hesabu za fedha mara mbili, Mombasa nimeenda mpaka msimamizi wa mtihani akanizoea. Hata hivyo tangu siku ile sijawahi kulipia masomo bila kukaa chini nikasoma masharti mpaka neno la mwisho, na cheti kisicho na vitabu sitakichukua tena, hata wanipe bure. Na mkiniuliza kati ya vyeti vyote nilivyowahi kushika ni kipi kilinipa raha, nitawaambia hakuna, raha niliipata pale mbele ya watu watano niliposema "sina" na sauti yangu haikutetemeka.