Tari ya Mdogo Wangu

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa kidato cha pili. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, lakini akili yake ilibaki nyuma, kama ya mtoto wa miaka mitano. Alitaka kitu kimoja tu: kupiga tari, ile ngoma ndogo ya mkononi, pamoja na wasichana wa madrasa yetu ya Mji wa Kale siku ya maulidi.

"Atatuharibia huyu," mmoja alisema mbele yake. "Apiga kama afukuzaye kuku!"

Wakacheka. Naye akacheka nao.

Mwalimu akanivuta kando. "Mfundishe wewe, mwanangu. Ikifika Alhamisi naye aweza, ataketi nasi. Asipoweza, atatazama."

Nilimhesabia: moja, mbili, tatu. Alihesabu vizuri, mkono ukasahau kupiga. Nikaweka kaseti, lakini kaseti haimngoji mtu. Kila akipiga, pigo lishapita. Akaitupa tari, akalia.

Siku ya tatu nilichoka, nikaketi sakafuni kando yake nikipiga peke yangu. Magoti yetu yakagusana. Akaanza kuyumba nami, na tari yake ikaingia pale pale yangu ilipoingia. Nikajisogeza, akapotea. Nikarudi, akapata. Kumbe mapigo hayakumwingia kwa masikio. Yalimwingia kwa mwili wa mtu.

Tukafanya hivyo kila alasiri. Nilizipenda mno alasiri zile. Shuleni sikuwa na wa kuketi naye hata wakati wa chakula.

Alhamisi Mwalimu akamkubali. Siku ya maulidi aliketi kati yangu na yule msichana wa maneno ya kuku. Mwanzo alikuwa ameniegemea mimi. Kisha nikahisi ameondoka. Nikashtuka, nikamtazama: amemwegemea mwenzangu, na hakosei. Yule naye hakusogea.

"Kumbe waweza, we!" akamwambia tulipopumzika.

Nilifurahi, wallahi. Lakini pia nilitaka akosee, kidogo tu, anirudie. Hilo sikumwambia mtu, niliandika tu kwenye daftari.

Kesho yake alasiri, hodi. Alikuwa yule msichana, tari mkononi.

"Nduguyo yuko? Twataka apige nasi kwetu."

"Yuko."

Mdogo wangu alinipita mbio, viatu amevivaa kinyume. Nilisimama mlangoni mpaka walipopinda kichochoroni. Hakuna aliyeniambia nije, nami sikuweza kuuliza.