Brashi ya Nane

Dada yangu ana kichwa kigumu. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Kazi yake ni kupaka nyumba rangi. Ukimwona barabarani na ngazi begani na ndoo mkononi utadhani ni mtu wa kawaida, na kweli ni wa kawaida, ila jambo likimwingia kichwani halitoki hata ulivute kwa kamba.

Lililomwingia ni nyumba ya sanaa ya mtaani kwetu. Ni ya wachoraji kumi na mmoja, na kila mwanachama ana kipande chake cha ukuta cha kutundikia picha. Kila mwaka kabla ya maonyesho wanamwita dada azipake kuta zote nyeupe. Amezipaka miaka kumi na miwili, anajua kila ufa ulipo. Akimaliza anakaa juu ya ndoo na kuutazama ukuta mtupu, halafu anakuja kwangu na kuniambia, "Mdogo wangu, iko siku na mimi nitatundika pale." Mimi nilikuwa nacheka. Leo najuta, lakini nilicheka.

Kwao huingii kwa maneno. Siku ya kuomba uanachama unaleta picha moja, isiyo na jina, unaiegemeza ukutani uani, mchana kweupe, na mbele yake unaweka kopo tupu. Saa kumi jioni wanachama wanapita mmoja mmoja, na aliyeikubali anasimamisha brashi yake ndani ya kopo. Brashi nane, umeingia. Zikipungua, chukua picha yako uende. Ukikataliwa mara tatu, basi tena, hupokelewi maisha.

Dada alikuwa ameshakataliwa mara mbili. Mwaka wa kwanza alipata brashi tatu, wa pili tano. Jina halikuandikwa, lakini nani asiyejua picha zake? Anachora kwenye plaiwudi, kwa rangi ya maji ya nyumba, masalio ya kazi zake. Mwenyekiti wao, mzee mmoja wa kofia ya ngozi, hakuweka yake hata mara moja. Alimwambia mbele ya watu, "Fundi, wewe unapaka. Kupaka si kuchora." Nilipandwa na hasira nikataka kumvua ile kofia. Dada akanishika mkono tukaondoka.

Mwaka huu akafunga kibwebwe kwelikweli. Akasema atanichora mimi nikiwa kwenye cherehani, na hataki jicho la mtu lione mpaka siku yenyewe. Mimi ni fundi wa nguo, nina stoo ya kuwekea vitambaa, haina dirisha, ina balbu moja ya njano. Nikamwambia ingia humo, funga mlango. Miezi mitatu alikuwa akitoka kazini anapitiliza stoo. Nilimpa ile stoo kwa moyo mweupe, Mungu anajua.

Siku ikafika. Saa mbili asubuhi tuko uani, dada anaegemeza plaiwudi, anavuta shuka. Jua likaipiga ile picha.

Nilikuwa wa njano. Si njano kidogo. Uso, mikono, kitambaa cheupe mapajani, vyote njano, kama mtu ambaye ini limemkataa.

"Dada," nikasema, "mimi ni mgonjwa?"

Aliitazama ile picha, akaniangalia mimi, akaitazama tena. Kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Balbu yako!" akasema. "Jamani, balbu yako!"

Ndipo nikaelewa. Chini ya taa ya njano, rangi ya njano haionekani. Unaweka, unaona bado, unaongeza. Mwenzangu nyumba nyingi anazopaka ni mpya, hazijavutiwa hata umeme, anafanya kazi kwa mwanga wa madirisha. Hajawahi kuchanganya rangi chini ya balbu tangu azaliwe. Moyo ulinipasuka. Nilitamani anitukane, maana stoo ilikuwa yangu.

Mwenyekiti alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Fundi," akasema, "irudishe nyumbani. Usipoiweka leo haihesabiki kuwa umekataliwa. Njoo mwakani."

Nikamwambia dada kwa sauti ya chini, "Amesema kweli. Twende zetu."

"Mwakani nitakuwa mchoraji zaidi ya leo?" akaniuliza. "Mpaka saa kumi kuna saa nane. Mimi kwa saa nane napaka vyumba viwili na korido." Akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, sheria inasema picha iwe uani. Inakataza kuipaka humo humo?"

Mwenyekiti akafikiri. "Haikatazi."

"Basi nitaipaka hapa hapa. Wewe, kaa kwenye ndoo."

"Mimi?"

"Kwani nimemchora nani?"

Nikakaa. Nina wateja watatu waliokuja kuchukua nguo siku ile wakakuta duka limefungwa, na mpaka leo mmoja hanisalimii. Dada alikimbia nyumbani, akarudi na makopo yake. Akachanganya bluu na nyekundu kidogo ikawa zambarau, rangi inayoua njano, akaizimua kwa maji mpaka ikawa nyepesi kama chai ya mtu bahili, akaanza kuitandaza juu ya njano. Tabaka moja, anasubiri ikauke. La pili, anasubiri. Njano ikaanza kushuka. Uso wangu ukaanza kurudi, mkono ukafuata, kitambaa kikawa cheupe chenye kivuli. Palipobaki pamekosewa alipapaka upya moja kwa moja, akinitazama kwa jicho kali kana kwamba nina deni lake.

"Usigeuze shingo."

"Shingo inaniuma."

"Iume ikiwa hapo hapo."

Mchana wanachama wakaanza kutoka na viti vyao. Mwanzoni walikuja kucheka, nisiseme uongo. Baadaye wakasogeza viti karibu. Mwanamke mmoja anayechora maua akasogea na kuuliza, "Unaitandazaje bila kuacha michirizi?"

"Husimami katikati," dada akajibu bila kugeuka. "Ukianza upande huu unakwenda mpaka ule. Nimejifunza kwenye dari za watu." Yule wa maua akalitoa daftari lake akaandika.

Mwenyekiti naye alileta kiti. Chai yake ilipoa, hakuinywa.

Saa kumi dada akaweka brashi chini, akaweka kopo mbele ya picha. Wakapita. Wa maua akaweka yake wa kwanza. Wengine wakaweka, wengine wakapita na brashi zao mikononi. Mimi nilikuwa nahesabu mpaka midomo inanicheza. Kumi walipokwisha kupita, koponi zilikuwa saba.

Akabaki mwenyekiti. Akasimama mbele ya picha, akaitazama. Akanitazama mimi juu ya ndoo, akairudia picha.

"Amekaa hivi tangu asubuhi?" akauliza.

Uvumilivu wangu ukaisha. "Tangu asubuhi, mzee wangu, na mgongo umekufa. Kama unaweka weka, kama huweki tuambie tukalale!"

Dada akafumba macho. Mwenyekiti akacheka mpaka akaivua ile kofia. Akasema, "Hata hiyo hasira ameichora, ipo pale kwenye mdomo." Akasimamisha brashi yake koponi.

Nililia. Sioni haya kusema. Dada hakulia, aliosha vifaa vyake kimoja kimoja kama kila siku, ila alirudia kuosha kopo moja mara tatu.

Tulipokuwa tunatoka, mwenyekiti akatuita mlangoni. "Karibu chamani. Sasa, maonyesho ni wiki ijayo na kuta zimechafuka. Fundi, unaanza lini kupaka?"

Dada akatua ndoo chini.

"Tafuteni fundi," akasema.

Akatoka hatua mbili, tatu. Kisha akarudi, akamnyooshea kidole.

"Na mwambieni kipande changu asikiguse. Kile nitakipaka mwenyewe."