Bega Kabla ya Tatu

Ninawaandikia nyinyi mliolala upande mmoja, na zaidi nyinyi mnaowageuza. Mimi pia niligeuzwa. Haya ninayaandika kwa mkono wa kulia, polepole, mistari ikipanda na kushuka kama shamba la majani chai, lakini mkono ni wangu.

Kabla ya ugonjwa sikuwa mtu wa kukaa. Nyumbani kwetu ni Sosiot, kwa mama, penye shamba dogo la majani chai na ng'ombe wawili. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa wiki moja, nikaondoka. Nimechuma majani kwenye mashamba makubwa ya Kericho, nimechoma matofali Ndanai, nimepakia ngano, nimeuza mitumba. Kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilipotoka, na nikirudi huko nakuta si pale nilipopakumbuka. Kwa mama nilifika Krismasi, nikanywa chai huku nikitazama barabara. Dada yangu Chelangat alizoea kumwambia mama, "Usimpikie huyu chakula kingi. Ameshaondoka. Ni mwili tu umebaki."

Nilijua nina presha. Nilikuwa nimepimwa na kupewa vidonge vya kunywa kila asubuhi. Nikavinywa, nikajisikia vizuri, na hapo ndipo nilipokosea, kwa maana mtu akijisikia vizuri huona dawa ni mzigo. Siku niliyotoka Ndanai kwenda Mulot kufanya biashara ya mbuzi, vidonge vilibaki kwenye mfuko wa koti, na koti likabaki kwenye msumari. Nikasema nitarudi kulichukua. Miezi ikapita.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko Mulot. Nilikuwa nimeshika kamba ya beberu kwa mkono wa kulia, nikibishana bei na mzee mmoja. Mara nikaona kamba iko chini. Sikuihisi ikitoka. Niliinama kuiokota, vidole vikaigusa lakini havikuishika. Nikataka kumwambia mzee anishikie mbuzi, ikatoka sauti ya mtu mwenye kiazi moto mdomoni. Mate yakanitiririka kidevuni. Mguu wa kulia ukalegea, nikakaa chini kwenye samadi.

Mzee akarudi nyuma. "Huyu amelewa saa mbili asubuhi," akasema.

"Mlazeni kwa kivuli," mwingine akajibu huku akicheka. "Itamtoka."

Wakanilaza kwenye kivuli cha lori. Nilisikia kila neno lao. Siwalaumu, hata mimi nimewahi kuwalaza wengine hivyo. Kivuli kilihama na mimi nikabaki juani, mpaka mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi alipokuja kuniinamia na kuninusa mdomo.

"Huyu hanuki pombe," akasema. "Na uso wake umeanguka upande mmoja. Tafuteni gari."

Jina lake sikulijua. Ningekuwa na binti, ningempa jina la mama huyo, kama ningelijua.

Hospitalini daktari alizungumza na Chelangat. "Ni kiharusi, ile watu huita stroki. Mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mkono wa kulia na maneno vimeenda pamoja."

"Anatusikia?"

"Anasikia na anaelewa. Msiongee kama hayupo."

Nilivaa nepi. Chelangat, dada yangu mdogo ambaye nilimfundisha kuvaa viatu, alinisafisha kama mtoto, naye alikuwa akiimba ili tusiangaliane. Nililia kwa vitu vidogo, kwa kijiko kuanguka, kwa mtu kusema habari ya asubuhi. Maneno niliyaona kichwani yamepangwa vizuri, lakini nikifungua mdomo ilitoka "ba, ba, ba."

Kabla hatujaruhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi alimfundisha Chelangat kunilisha. Koo pia lilikuwa limelegea. Nikae wima, nipewe uji mzito kwa kijiko kidogo, nimeze, asubiri. Nisipewe chai wala maji wala maziwa. Chelangat alishika yote hayo. Mama hakuwepo kuyasikia, kwa sababu alikuwa nyumbani akiniandalia mapokezi.

Kwetu mtu akirudi kutoka mbali, au akishinda jambo, hapokewi na mikono mitupu. Hupokewa na mursik, maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Mama alikuwa ameyalaza tangu siku aliposikia nimefungua macho. Chelangat alipokuwa nje akishusha godoro, mama aliniinua kichwa kidogo tu, nikiwa bado nimelala, akaniwekea kibuyu mdomoni.

"Kunywa, kijana yangu. Huko hospitali hawana hii."

Kichwani nilisema, Mama, nimekatazwa. Sauti haikutoka. Na niseme ukweli, niliyataka. Ile harufu ya moshi ilinifanya nijione nimefika nyumbani kweli. Nikavuta. Maziwa yakashuka kusikofaa. Nilikohoa kikohozi kisicho na nguvu, pumzi ikakatika, maziwa ya kijivu yakatoka puani. Mama alisimama pale ameshika mfuniko wa kibuyu, akiufunika nao mkono wake mwenyewe na kuufunua.

Siku ya pili nikashikwa na homa. Siku ya tatu tukarudi hospitalini, mapafu yakiwa na nimonia, na daktari akasema maziwa ndiyo yaliingia huko. Nilikaa huko mpaka nikawa mifupa.

Niliporudi mara ya pili, mama hakuingia chumbani kwangu. Alipika, akaweka sahani kwenye kiti nje ya mlango. Nilizisikia hatua zake zikija na kusimama.

"Mama, ingia tu," Chelangat alimwambia.

"Niliingia," mama akajibu. "Nikakosa kidogo tu kumuua."

Basi nikawa na ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Mkono ungeweza kusubiri. Nilitaka maneno manne tu: Mama, si kosa lako. Mama yangu ni mzee. Niliogopa atakufa kabla sijayasema. Kila asubuhi nilijaribu, na kila asubuhi ilikuwa ba, ba, ba.

Ndipo Nyakundi akaja. Tulikua pamoja. Wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuma majani kwenye shamba kubwa jirani, na Jumamosi mchana katika ukumbi wa wafanyakazi kulikuwa na televisheni ndani ya kizimba cha waya, juu karibu na dari, ikionyesha mieleka ya wazungu. Nilikimbia kupitia majani chai mpaka suruali ikalowa, nikakaa chini kati ya watu wazima wenye harufu ya majani mabichi. Kiingereza cha mtangazaji hatukukielewa, kwa hivyo wanamieleka tuliwapa majina yetu. Yule jitu mwenye nywele mpaka mabegani tulimwita Chemosit, kama zimwi la hadithi za nyanya zetu. Na kulikuwa na mwembamba mmoja, mwenye mvi, ambaye kabla ya kupigana alivua miwani, akaikunja vizuri na kumpa mtu amshikie. Huyo tulimwita Mwalimu. Alipigwa karibu kila Jumamosi, na kila Jumamosi, mwamuzi akigonga sakafu kuhesabu, Mwalimu aliinua bega kabla ya tatu, maana mabega yakibaki chini hadi tatu umeshindwa. Ukumbi mzima ulisimama.

Sasa Nyakundi anatengeneza simu pale sokoni. Alikuja na televisheni ndogo na flashi yenye mechi zile zile za zamani.

"Nasikia umeacha kuongea," alisema, akikaa kitandani. "Basi ubishi wote nimeshinda. Kuanzia leo Mwalimu alikuwa mwizi, alishika kamba ya ulingo."

Tulikuwa tumebishana juu ya ile kamba tangu utotoni. Nilimrushia mto kwa mkono wa kushoto.

Mechi ya kwanza nililia kabla haijaanza, Mwalimu alipovua miwani. "Unalia nini? Bado hata hajapigwa," Nyakundi akasema, naye akageukia dirishani akajifanya anakohoa. Ule ukumbi ulikuwa umerudi wote, na baba yake, marehemu, akitutuliza kwa fimbo ya mwavuli.

Lakini niliona kitu ambacho utotoni sikukiona. Chemosit alimwinua Mwalimu juu kabisa na kumbwaga. Zamani nilitazama ule mbwago tu. Sasa mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kuinuliwa, kitandani hadi kwenye kiti, kwenye kiti hadi chooni, na nilijua mwili unaoinuliwa unaogopa wapi. Nilimwonyesha Nyakundi kwa kidole arudishe nyuma. Akarudisha. Nikaonyesha tena.

"Nini? Ah." Akasogea karibu na kioo. "Kiganja cha Chemosit kiko nyuma ya kichwa cha Mwalimu. Anamshika asiumie." Akarudisha nyuma tena, yeye mwenyewe. "Miaka yote tumemchukia huyu mtu, kumbe alikuwa anambeba."

Kishindo kilisikika hadi jikoni. Sauti ya mama ikatoka nyuma ya mlango. "Hao wanaumizana?"

"Hapana, mama. Wamepangana," Nyakundi akajibu.

"Wamepangana. Na mgongo nao umeambiwa?"

Tangu siku hiyo alikuja kila mchana kusimama nje ya mlango. Alimwombea anayepigwa, yeyote aliyekuwa. Ikifika zamu ya Chemosit kupigwa, alimwombea Chemosit.

Daktari wa mazoezi, mwanamke mcheshi mwenye vidole vigumu, aliposikia habari za mieleka alifurahi. "Tuitumie hiyo. Lala chali. Nikihesabu, bega la kulia liinuke kabla ya tatu." Nililala. Moja, mbili, tatu. Hakuna kitu. Siku nyingi hazikuwa na kitu. Alimwambia Chelangat pia kwamba kuhesabu, sala na nyimbo mara nyingine hurudi kabla ya maneno mengine, kwa hivyo tuhesabu kila kitu. Tulihesabu vijiko, tukahesabu ngazi, na nikawa naitikia ba, ba, ba.

Kisha ikaja siku ya mvua ya mawe. Wanaoishi huku wanajua: mchana kunakuwa kweupe, halafu mawe yanashuka juu ya mabati na huwezi kumsikia aliye kando yako, na kila mtu anawaza majani chai yake. Chelangat alikuwa dirishani akiliangalia shamba. Nyakundi aliongeza sauti ya televisheni mpaka mwisho, haikusaidia. Kwenye kioo Mwalimu alikuwa chini, Chemosit juu yake, na mwamuzi akainua mkono. Mkono ulishuka bila sauti. Nilikasirika. Mechi ile haiwezi kwenda bila hesabu.

Nikasikia mtu ndani ya kifua changu akisema, "Moja."

Mkono ukashuka tena. "Mbili."

Na bega langu la kulia likatoka kwenye godoro. Si sana. Kimo cha yai, labda. Lakini liliondoka pamoja na la Mwalimu.

Nyakundi hakusikia, mawe yalikuwa yakipiga. Aliyeona ni mama. Alikuwa amesimama mlangoni, akauona mdomo wangu, akaliona bega, akaingia. Alivuka kile kizingiti alichokuwa amekikimbia, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye midomo yangu.

"Sema tena."

"Moja," nikasema. "Mbili."

"Tatu," mama akanisaidia, akilia.

Nikatikisa kichwa. Tatu ilikuwa bado.

Mengine yalichukua miezi. Maneno yalikuja yamepanda mgongoni mwa hesabu: moja, mbili, Mama. Moja, mbili, choo. Mkono ulianza kwenye bega, ukashuka polepole hadi kwenye vidole, na kidole gumba kilikuwa cha mwisho, kama mimi nilivyokuwa wa mwisho kufika nyumbani. Yale maneno manne nilimwambia mama tukiwa tumekaa nje, yeye akiambua maharagwe. Yalinichukua muda mrefu kama wa kuvuka barabara.

"Mama. Si. Kosa. Lako."

Hakuinua macho. Aliambua maganda mawili zaidi. "Langu lipo kidogo," akasema. "Lakini nimesikia."

Ninamshukuru Mungu, na ninamshukuru mama wa viazi. Ukiwa na vidonge vya presha, visiwe vitu vya kuacha kwenye msumari. Vinywe hata ukijisikia kama ndama. Ukiona mtu uso umeanguka, mkono umelegea, maneno yamekorogeka, usimweke kwa kivuli. Mnuse kama ni lazima, lakini mpeleke. Na nyinyi wauguzi, mkifundisha namna ya kumlisha mgonjwa, mwulizeni aliyesimama hapo: nani anashika kibuyu nyumbani? Mwiteni huyo. Aliyeniumiza alinipenda kuliko wote, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Barabara bado naitazama. Naenda hadi sokoni na fimbo, nabishana na Nyakundi juu ya kamba, narudi kabla ya chai. Nimeona kwamba mahali nilipokuwa nikipakumbuka kila siku hapakuwa mbali hivyo.

Walipopima koo langu wakasema limepona, nilimwomba mama mursik. Alikataa. "Mpaka daktari aniambie mimi, kwa masikio yangu." Siku ya kliniki alivaa nguo ya kanisani, akatia kibuyu ndani ya kiondo, na daktari akamwambia yeye mwenyewe: akae wima, funda dogo, subiri. Mama alimwomba arudie. Akarudia.

Nilishika kikombe kwa mkono wa kulia, kikitetemeka. Mama hakunisaidia kukishika, lakini kiganja chake kilikuwa nyuma ya kichwa changu. Nikapiga funda. Akalitazama koo langu.

"Moja," akasema. "Mbili."

Nikameza kabla ya tatu.