Chaza wa Kivinje Waliokwenda Rutamba

Mdogo wangu Zaina, aliyeolewa Rutamba, alipona homa lakini chakula kikamshinda. Uji alirudisha, kuku alirudisha. Mumewe akatuletea ujumbe Kilwa Kivinje: mkewe anataka chaza wa kwao, wazima, waliofunga magamba. Mimi, ambaye miguu yangu haijui kutulia, nikajitolea.

Kivinje, maji yalipokupwa, ugomvi ulianza. Dada yetu mkubwa, Mwanaisha, alikuwa akibandua chaza wa chini, wanene, ambao jua huwaona kwa nadra.

"Dada, chukua wa mawe ya juu," nilimwambia. Utotoni tuliwakuta hao wamejifunga kwenye mawe yanayounguza nyayo, na maji yakirudi wanafunguka wazima. Joto likizidi hufunga, hupunguza pumzi, huishi taratibu kwa akiba iliyomo mwilini.

"Hivyo vitoto? Wakwe zake waseme Kivinje kuna njaa?"

Nikabandua wa juu mwenyewe, nikawatia chini ya kikapu. Yeye akawafunika kwa wakubwa wake na gunia bichi.

Kwenye mto Mbwemkuru, lori nililopanda lilikwama mchangani, jua la utosi. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, huisifu sana barabara hiyo. Nadhani hajaipita kwa lori. Niliporudi na matawi ya kuweka chini ya magurudumu, nilimkuta abiria mmoja, mtu wa Milola, akimimina maji ya mto kikapuni.

"Bwana! Unafanya nini?"

"Wana kiu, maskini. Tazama wanavyoachama."

"Hao ni wa baharini! Maji yasiyo na chumvi yanawaua!"

"Basi ungewaacha baharini."

Abiria wote wakacheka. Dereva naye, ambaye tangu tukwame hajainua hata jiwe.

Rutamba, tulipofunua gunia, wakubwa wote walikuwa wameachama na kunuka. Shemeji akaziba pua. Nilimwaga kikapu uani, roho mkononi. Wale niliowatia chini ya kikapu walikuwa wamefunga kama kufuli.

Zaina alitoka akijikongoja, akagonga mmoja kwa ukucha. "Wa mawe ya juu," alisema. "Kaka, wachemshe upesi." Alikula, akaomba na mchuzi wake.

Niliporudi Kivinje, Mwanaisha alinipokea mlangoni. "Kala?"

"Kala mpaka mchuzi."

"Unaona! Na wewe ulitaka kumpelekea vitoto!"

Nilivuta pumzi nimjibu. Lakini jua lilikuwa kali, nimechoka, naye alikuwa akifuta machozi ya furaha. Nikafanya kama nilivyofunzwa na chaza: nikafunga, nikatunza nguvu zangu, nikaingia ndani kutafuta maji.