Kiti cha Mtu Aliyefungwa

Zamani za Mwingereza, mume wangu alifungwa kwa kukataa kupeleka ng'ombe wetu mnadani. Serikali ilikuwa imeamuru mifugo ipunguzwe, ati ardhi ya kwetu Mungaa imechoka. Yeye alijibu kwamba ng'ombe wale ni mahari ya wadogo zake. Alirudi kutoka jela amekonda, akashika jembe, akaendelea na shamba letu la uwele.

Baadaye tuliambiwa kila eneo lichague mtu wake wa kuingia baraza la wilaya, akae pamoja na watu wa mtemi. Watu wa kwetu wakamchagua yeye, naye hakuwa ameomba. Nilimfulia kanzu, tukatembea pamoja hadi mjini Singida.

Hata kabla hajaketi, karani wa baraza alisimama akasema kwamba aliyewahi kufungwa hastahili kiti. Wanawake tulikaa nje chini ya dirisha, tukasikia yote. Wengine walisema jela ni jela. Wengine waliuliza kama mwizi na mtu aliyekataa amri ni kitu kimoja. Jua likazama bila uamuzi, tukaambiwa turudi kikao kijacho. Kikao kilichofuata kikawa vile vile, na kingine tena. Miguu yangu ilivimba. Shamba likajaa magugu.

Siku moja mzee mmoja wa upande wa mtemi, aliyekuwa amekaa barazani tangu nikiwa msichana, aliomba kusema. Muda wote ule hakuwa amefungua mdomo.

"Mjerumani alinifunga mimi," alisema. "Nilikataa kubeba mizigo yake. Kama huyu anatoka, na mimi natoka."

Bwana Shauri, yule Mwingereza aliyesimamia wilaya, alimwambia kupitia mkalimani kwamba jela ya Mjerumani haihesabiwi. Mzee akauliza ni kwa nini, maana fimbo zilikuwa zile zile. Kisha akachukua mkongojo wake, akatoka. Alipopita dirishani nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo, akashika njia ya kwao Ilongero peke yake.

Nilidhani jambo lile litawalainisha waliobaki barazani. Halikuwalainisha. Siku ile ile walikata shauri: mume wangu hafai, na Mungaa tuchague mtu mwingine.

Njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, mume wangu akaniambia kwa Kinyaturu, lugha yetu, kwamba amechoka, na kwamba kilichomchosha si jela.

"Kule gerezani walinipa jembe, nikajua kazi yangu," alisema. "Hawa wamenizungusha tu."

Watu wa kwetu walikataa kuchagua mwingine. Walikuja uani wakamsihi akate rufani, nao wangemsindikiza. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaomba wamwache alime. Mimi nami nilinyamaza, ingawa nusu ya moyo wangu ilitaka akubali. Kile kiti kilikaa kitupu misimu kadhaa, kisha mtemi akamweka mtu wake, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubisha.

Yule mzee wa Ilongero hakurudi barazani. Mume wangu alikwenda kumsalimu mara moja baada ya mavuno. Nilimuuliza walizungumza nini. Akasema walizungumza habari za mvua.